MGENI WA MIAKA KUMI ASIYESHIKA JEMBE

Msamaha wa kodi kwa makampuni makubwa: wafanyakazi wa Garissa, Wajir na Mandera twasemaje?

Ndugu wafanyakazi,

Kuna maneno yanayozungushwa siku hizi sokoni, maofisini, na hata katika mikutano ya matawi yetu. Yasemwa kwamba dawa ya umaskini wa Garissa, Wajir na Mandera ni moja tu: Serikali iyaondolee makampuni makubwa kodi, kisha makampuni yatakuja yenyewe, vijana watapata kazi, na sisi tutasahau shida. Wasemao hivyo si wote adui zetu. Wengine ni wafanyabiashara, wengine ni viongozi tuliowapigia kura, na wengine ni wanachama wenzetu wenye watoto waliomaliza shule wakabaki nyumbani. Kwa hiyo neno hili halifai kujibiwa kwa kelele. Yafaa lijibiwe kwa hesabu.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mgeni afukuzwe. Walisema akaribishwe, ale, alale, kisha ashike kazi pamoja na wenyeji. Lakini sheria za nchi yetu zimezaa mgeni wa namna nyingine, mgeni wa miaka kumi asiyeshika jembe. Sisi twasema kwamba mgeni huyu ni ghali, na zaidi ya hayo, mara nyingi hafiki hata hapa kwetu. Hukaribishwa kwa jina letu akashukia nyumba ya jirani.

NANI ANALIPA KODI LEO?

Tuanze na sisi wenyewe. Mwalimu wa Masalani, muuguzi wa hospitali ya Garissa, karani wa kaunti, dereva wa gari la maji: hawa wote hukatwa kodi ya mshahara kabla fedha haijafika mkononi. Juu ya hiyo, tangu Oktoba 1, 2024 hukatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya. Hukatwa asilimia 1.5 ya nyumba. Hukatwa akiba ya uzeeni. Hakuna aliyeulizwa kama angependa likizo ya kodi kwanza ili apate moyo wa kufanya kazi.

Na yule kibarua asiye na hati ya mshahara, asidhani kwamba yeye halipi. Alipa katika sabuni, katika sukari na katika salio la simu. Mwaka 2023 kodi ya mafuta ya gari ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Kila mfuko wa sukari na kila kibiriti unaokuja Garissa hupanda lori kiasi cha kilomita 370 kutoka Nairobi, na bado kuna mamia ya kilomita mbele kwenda Wajir na Mandera. Basi kadiri mtu alivyo mbali, ndivyo anavyoilipa kodi ya mafuta mara nyingi zaidi, ijapokuwa hana gari wala hajui bei ya lita moja.

Sasa tutazame upande wa pili. Kwa sheria ya mwaka 1990, kampuni iliyoingia katika maeneo ya viwanda vya kuuza nje, yale yaitwayo EPZ, ilipewa miaka 10 bila kodi ya faida, na miaka 10 mingine kwa asilimia 25. Kwa sheria ya maeneo maalum ya kiuchumi ya mwaka 2015, kampuni ilipewa kulipa asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza, kisha asilimia 15 kwa miaka 10 ya pili, na hali kampuni ya kawaida hutozwa asilimia 30. Hivyo duka la mwananchi, likisajiliwa kama kampuni hapa mjini Garissa, hulipa kwa kiwango mara tatu ya kile cha kampuni kubwa iliyo ndani ya ua wa eneo maalum. Hayo ndiyo mashindano ya haki tunayohubiriwa!

HESABU YA SHILINGI AROBAINI NA TANO

Kuna msamaha mwingine ambao wengi hawaujui, na huu ndio unaotuhusu sana, maana ulitungwa kwa jina la watu kama sisi. Kwa miaka kumi, tangu mwaka 2010 hadi 2020, sheria ilisema hivi: kampuni ikijenga kiwanda cha shilingi milioni 200 au zaidi nje ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, itahesabiwa kwamba imetumia asilimia 150 ya fedha hizo.

Tufanye hesabu polepole. Tajiri amejenga kiwanda cha milioni 200. Katika vitabu vya kodi anaruhusiwa kuandika milioni 300. Hizo milioni 300 zinaondolewa katika faida yake kabla ya kutozwa kodi. Kodi ni asilimia 30, kwa hiyo kodi asiyolipa ni shilingi milioni 90. Maana yake, katika kila shilingi 100 za kiwanda kile, shilingi 45 zimetoka katika kodi iliyosamehewa, yaani katika mfuko wa wananchi. Karibu nusu ya kiwanda imelipiwa na umma. Lakini mkipita langoni mtakuta jina la nani? Na faida yote ni ya nani? Na mkifukuzwa kazi, je, ile nusu yenu itawatetea?

Ajabu zaidi ni lile neno "nje ya Nairobi". Athi River iko nje ya Nairobi. Iko katika kaunti ya Machakos, kama kilomita 30 tu kutoka katikati ya jiji. Thika vile vile iko nje ya Nairobi. Basi mbele ya sheria ile, kiwanda cha Athi River na kiwanda cha Garissa vilikuwa sawasawa, vyote viwili "nje ya Nairobi". Tajiri mwenye akili timamu ataacha Athi River, penye reli, umeme na barabara kuu ya Mombasa, aje Garissa kwa msamaha ule ule? La hasha. Atatia fedha zake Athi River, atie na msamaha mfukoni, na katika hotuba itasemwa kwamba Serikali inayajali maeneo yaliyoachwa nyuma.

Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, zile asilimia 150 ziliondolewa. Mwaka 2021 Bunge likaweka tena asilimia 100 kwa uwekezaji mkubwa nje ya kaunti za Nairobi na Mombasa. Tarakimu zilibadilika, lakini mpaka ulichorwa pale pale. Hakuna kifungu kilichouliza: Je, mahali hapa pana maji? Pana lami? Ni umbali gani kutoka bandarini? Kipimo kilikuwa ni kutokuwa Nairobi wala Mombasa, basi.

HAYA SI MAMBO MAPYA

Wazee wetu wanajua historia. Wakati wa ukoloni wilaya za mpaka wa kaskazini zilifungwa, mtu asiingie wala asitoke bila kibali. Kaskazini ilikuwa mahali pa kufungia watu. Hata Makhan Singh, mmoja wa waanzilishi wa vyama vya wafanyakazi Kenya, alipokamatwa mwaka 1950 alipelekwa Lokitaung kule Turkana, na akazuiliwa huko kaskazini miaka mingi, hadi 1961. Baada ya Uhuru ikaja vita ya miaka ya 1963 hadi 1967, na amri za hali ya hatari zikaendelea katika eneo hili hadi 1991.

Mwaka 1965 Serikali ilitoa Waraka Namba 10 juu ya Ujamaa wa Kiafrika. Aliyeushughulikia ni Tom Mboya, ambaye kabla ya kuwa waziri alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, mtu wetu hasa. Waraka ule una maneno mengi mema. Lakini katika jambo moja uliamua hivi: fedha za maendeleo ziwekwe kwanza mahali penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, kwa kuwa hapo zitazaa haraka, na baadaye matunda yatawafikia wengine. Garissa haikuwa na mvua wala lami wala umeme. Basi haikuhesabiwa. Wengine wakala, sisi tukangoja matunda.

Twayakumbusha haya kwa sababu moja. Msamaha wa kodi juu ya faida ni Waraka Namba 10 uliovishwa kanzu mpya. Faida hupatikana kwanza mahali penye barabara na umeme. Mahali pasipo na faida, msamaha wa kodi ya faida ni msamaha wa sifuri. Kampuni inayopata hasara miaka mitano ya kwanza kwa sababu ya mafuta ya jenereta na malori yaliyokwama, ukiisamehe kodi ya faida umeisaidia nini? Lakini ile iliyokwisha kunenepa, ukiisamehe umeinenepesha zaidi. Aliyenacho huongezewa.

FEDHA HIZO NI ZA NANI?

Wengine husema: "Waacheni wasamehewe, hizo ni fedha za Nairobi." Ndugu, huo ni upofu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 203, yasema kwamba kaunti zote kwa pamoja zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hesabu zilizokaguliwa. Kifungu cha 204 kikaweka Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, zahanati na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Mwaka 2013 Tume ya Ugavi wa Mapato ilizitaja kaunti 14 za kusaidiwa, na Garissa, Wajir na Mandera zote tatu zimo.

Basi kila shilingi 100 ambazo Hazina Kuu ingezikusanya kutoka kwa kampuni kubwa, shilingi 15 kwa uchache ni za kaunti, na senti 50 ni za ile Hazina ya Usawazishaji. Waziri anaposamehe, hasamehi cha kwake peke yake. Anasamehe dawa za zahanati ya Balambala na maji ya Modogashe, na hakuna aliyetuuliza.

Mwaka 2012 shirika la ActionAid pamoja na mtandao wa kutetea haki ya kodi Afrika walipiga hesabu kwamba Kenya ilikuwa inapoteza dola bilioni 1.1 kila mwaka kwa misamaha ya kodi ya kila aina, zaidi ya shilingi bilioni 100 kwa wakati ule. Tuseme kweli: si misamaha yote ni mibaya. Unga na dawa zikisamehewa, maskini hupata nafuu. Ugomvi wetu hauhusu unga. Ugomvi wetu ni juu ya msamaha wa mwenye faida.

Na hiyo Hazina ya Usawazishaji yenyewe imetendwaje? Fedha zilizokwisha kutengwa zimecheleweshwa mwaka baada ya mwaka, kesi zikaenda mahakamani, na wakati unapita. Katiba iliipa miaka 20 tu, na miaka hiyo itatimia Agosti 2030 kama Bunge halitaiongeza. Mgeni anapewa miaka kumi bila kodi, na ahadi yake hutimizwa siku ya kwanza. Mwenyeji alipewa miaka ishirini ya kusawazishwa, na nyingi zimekwisha liwa na mafaili.

"LAKINI NUSU SHARI KULIKO SHARI KAMILI"

Sasa tuwasikilize wenzetu wa upande wa pili, maana wana hoja moja yenye nguvu. Wasema: "Leo hakuna kiwanda, kwa hiyo hakuna kodi. Kikija kiwanda bila kodi, hatujapoteza kitu, na vijana wetu wamepata mshahara. Kodi ya sifuri na kazi mia moja ni bora kuliko kodi ya sifuri na kazi sifuri."

Hoja hii ingekuwa kweli kama kampuni ingekuja kwa sababu ya msamaha, na ingekataa kuja bila msamaha. Lakini wao wenyewe wamesema sivyo. Benki ya Dunia, ambayo si rafiki wa vyama vya wafanyakazi, iliwauliza wawekezaji katika nchi mbalimbali kama wangewekeza hata bila kusamehewa kodi. Rwanda asilimia 98 walijibu ndiyo, wangewekeza vile vile. Uganda asilimia 93. Tanzania asilimia 91. Na mwaka 2015 Benki hiyo, pamoja na Shirika la Fedha la Kimataifa na wenzao, waliziambia nchi tajiri kwamba misamaha hii katika nchi maskini mara nyingi hutolewa bure. Mtu aliyekwisha panda basi kwenda Garissa, kwa nini umlipie nauli?

Sababu ya pili. Kampuni kubwa haiji mahali patupu. Wako wenyeji wanaochinja, wanaouza maziwa ya ngamia, wanaosafirisha, wanaooka mikate. Hao hulipa leseni ya kaunti na ushuru. Ukimleta mkubwa asiyelipa akashindana na mdogo anayelipa, mdogo atafunga. Kazi mia moja zilizotangazwa kwa tarumbeta huwa zimekula kazi themanini zilizokufa kimya.

Sababu ya tatu ni mpya, na yafaa kila katibu wa tawi aijue. Mwaka 2021 nchi nyingi za dunia zilikubaliana kwamba makampuni makubwa sana, yenye mauzo ya euro milioni 750 au zaidi kwa mwaka, yalipe kodi isiyopungua asilimia 15. Kenya nayo ilitunga sheria ya kukusanya kinachopungua, Desemba 2024. Shabaha ya mpango huo ni hii: nchi moja ikisamehe, nchi nyingine yaweza kudai tofauti. Basi twaweza kufika mahali ambapo Kenya inaiachia kampuni kodi yake, na Hazina ya Ulaya inaiokota. Hapo hatutakuwa tumemsaidia hata tajiri mwenyewe.

MIFANO YA WALIOTUTANGULIA

Tazameni Uganda. Mwaka 2003 kiwanda cha nguo cha Tri-Star kilifunguliwa Bugolobi, Kampala, kwa shangwe kubwa, kushona nguo za soko la Marekani. Serikali ilikipa jengo na kukibeba kwa mikopo. Wasichana mamia waliletwa kutoka wilayani. Oktoba mwaka ule ule waligoma kwa ajili ya hali mbaya ya kazi, na mamia wakafukuzwa. Baada ya miaka michache kiwanda kilifungwa, na deni likabaki kwa wananchi wa Uganda.

Tazameni hapa kwetu. Januari 2003 wafanyakazi wa EPZ, Athi River na kwingineko, waligoma kwa maelfu. Walilalamikia mishahara midogo, saa nyingi, na kunyimwa chama. Mkataba wa dunia wa kugawa soko la nguo ulipokwisha, mwisho wa mwaka 2004, viwanda kadhaa vilifungasha virago. Vilikuwa vimekula likizo ya kodi. Cherehani zina magurudumu, ndugu zangu. Nyumba ya mfanyakazi haina.

Hata Marekani yenyewe imeonja. Mwaka 2017 jimbo la Wisconsin liliiahidi kampuni ya Foxconn kiasi cha dola bilioni 3 kwa ajili ya kazi 13,000. Kazi hazikuja. Mwaka 2021 mkataba ukapunguzwa hadi kazi 1,454 na dola milioni 80. Lakini angalieni jambo moja: Wisconsin ilikuwa imeandika kwamba fedha zitatolewa kazi zikishahesabiwa. Kampuni ilipokosa idadi, ilinyimwa. Barabara na ardhi zilikwisha kugharimu fedha za umma, lakini sehemu kubwa ya zile bilioni ilisalimika. Sisi huku likizo ya miaka kumi hutolewa kwanza, na watu huhesabiwa baadaye, kama wanahesabiwa kabisa.

NI NINI KINALETA KAZI?

Hatusemi kampuni zisije. Twauliza ni nini kinachozileta.

Chukueni mtambo wa umeme wa jua hapa Garissa, uliofunguliwa Desemba 2019. Ni megawati 50, katika ekari zaidi ya 200, uliogharimu kiasi cha shilingi bilioni 13.7 kwa mkopo kutoka China. Ulikuja Garissa kwa sababu gani? Kwa sababu jua lipo, ardhi ipo, na kwanza kabisa kwa sababu ilikwisha jengwa njia ya umeme kutoka Kindaruma kupitia Mwingi hadi hapa. Kabla ya waya ule mji wetu uliwashwa kwa jenereta za dizeli. Waya ulitangulia, mtambo ukafuata. Na mtambo wenyewe, baada ya kujengwa, si mwajiri mkubwa. Jua halihitaji makuli. Basi tusidanganywe kwamba ukubwa wa fedha ndio ukubwa wa kazi.

Chukueni barabara. Novemba 2023 mafuriko ya Tana yaliikata barabara kati ya Garissa na Madogo. Abiria walivushwa kwa mashua, na malori yalisimama. Kampuni gani itaweka ghala mahali ambapo mto ukifura mji unakuwa kisiwa? Daraja na tuta moja imara lingeleta wawekezaji kuliko misamaha kumi.

Chukueni usalama. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa, wengi wao walimu wenzetu waliokuwa wakienda likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe. Baada ya hayo walimu wengi kutoka mikoa mingine walihamishwa, na madarasa yakabaki na watoto bila mwalimu. Kijana aliyekosa mwalimu wa hesabu mwaka 2020 ndiye huyu anayeambiwa leo kwamba hana ujuzi wa kiwandani. Hili nalo litaponywa na msamaha wa kodi?

Na mifugo je? Soko la Garissa ni miongoni mwa masoko makubwa ya mifugo katika Afrika Mashariki. Ng'ombe hupandishwa lori hai, wakaenda kuchinjwa Nairobi na Athi River. Ngozi, mifupa, mafuta na mishahara ya wachinjaji hubaki huko. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 uliua katika Kenya zaidi ya mifugo milioni 2, na wengi walikufa kwa kukosa mnunuzi wa mapema na mahali pa kuchinjia karibu. Machinjio yenye baridi na maji, mikononi mwa ushirika wa wafugaji na wafanyakazi, ndicho kiwanda chetu cha kwanza. Malighafi yake inatembea kwa miguu mbele ya nyumba zetu.

Kuna neno moja la kuchekesha na kuliza. Katika kambi za Dadaab, zilizofunguliwa tangu 1991, mkimbizi anayefanya kazi ya ualimu au uuguzi haitwi mwenye mshahara. Huitwa mwenye "motisha", na hiyo motisha ni ndogo kuliko mshahara wa mwenzake Mkenya wa kazi ile ile. Na kampuni kubwa nayo inapewa "motisha". Neno ni moja. Likimfikia mfanyakazi lina maana ya pungufu ya haki yake. Likimfikia tajiri lina maana ya zaidi ya haki yake.

TWATAKA NINI?

Kisimani kwetu kila mchungaji huteka kwa zamu na hufukua mchanga kwa zamu. Asiyefukua hanyweshi. Kwa kanuni hiyo twadai haya:

1. Orodha iwekwe wazi. Katiba, kifungu cha 210, yasema hakuna kodi itakayosamehewa ila kwa sheria, na pale sheria inaporuhusu, kila msamaha uandikwe pamoja na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu apewe taarifa. Twataka orodha hiyo ibandikwe mahali mwananchi anaposoma: kampuni gani, kiasi gani, kazi ngapi.

2. Kazi kwanza, nafuu baadaye. Kama lazima pawe na msamaha, utolewe mwaka baada ya mwaka, kwa kuhesabu watu walioajiriwa kwa mikataba ya kudumu. Kibarua wa siku tatu asihesabiwe.

3. Anayeondoka alipe. Kampuni ikifunga kabla ya muda, irudishe kodi iliyosamehewa, na malimbikizo ya wafanyakazi yatangulie madeni mengine.

4. Mpaka uchorwe kwa shida, usichorwe kwa jina. Sheria isiseme tena "nje ya Nairobi". Ipime umbali, maji, umeme na umaskini. Athi River isihesabiwe sawa na Mandera.

5. Chama kiingie langoni. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma. Kampuni inayokataa chama isipate hata senti ya umma.

6. Hazina ya Usawazishaji ilipwe madeni yake yote, na Bunge liiongezee muda kabla ya 2030. Maji, lami, waya na walimu vitangulie.

NENO LA MWISHO KWA MATAWI

Ndugu, mtaletewa karatasi za kutia sahihi, na mtaambiwa kwamba anayeuliza maswali anawafukuza wawekezaji. Msitie sahihi kabla ya kuuliza mambo matatu: Ni kodi kiasi gani inayosamehewa? Ni kazi ngapi zilizoandikwa, za nani, na za muda gani? Wasipotimiza, nani atalipa? Mkijibiwa kwa tarakimu, leteni tarakimu katika mkutano wa tawi tuzipime pamoja. Mkijibiwa kwa hotuba, rudisheni karatasi.

Juni 2024 vijana wa nchi hii walijaa barabarani kwa sababu ya kodi mpya, na muswada wa fedha ukaondolewa. Walikuwa wanasema kwamba mzigo umelemea upande mmoja. Mzigo ukilemea upande mmoja, mchungaji wa ngamia hamsamehi ngamia mzima na kumwongezea aliye mgonjwa. Husimamisha msafara, akafungua kamba, akapanga upya.

Mgeni karibu. Chai ipo, kivuli kipo, na jembe lipo pale mlangoni.

Ukishasoma, mpe mwenzako. Asiyejua kusoma, msomee.

UMOJA NI NGUVU.